UZI: Kuonja na kuipa alama stauti ya chokoleti. Kakao iko wapi, kimea kiko wapi?

Kimea Cheusi (#1)

Wakuu, salaam. Mara nyingi humu mtu anaweka picha ya stauti ya chokoleti, yaani bia nyeusi yenye ladha ya chokoleti, anaandika "tamu, chokoleti ipo, 8/10", na mjadala unaishia hapo. Alama ya namna hiyo haimsaidii mnunuzi wala mpika bia. Ninaweka msingi hapa, wenye ujuzi waongezee.

Kwanza jua chokoleti unayoionja imetoka wapi, maana inaingia kwenye bia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kimea. Kimea cha chokoleti ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, kisha ikakaangwa hadi ikawa kahawia iliyokolea, takriban 350 kwa kipimo cha rangi cha Lovibond. Hakina kakao hata punje. Harufu yake inakaribia chokoleti kwa sababu moto ukikutana na sukari na protini za nafaka huzalisha pairazini na methilibutanali, na kemikali za jamii hiyohiyo huzalishwa mbegu ya kakao inapokaangwa. Ukaangaji huu wa kimea ulipata nguvu Uingereza mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopewa hataza ya pipa lake la kukaangia.

Njia ya pili ni kakao yenyewe: chenga za kakao, unga, chokoleti nyeusi, maganda, au esensi.

Chukua bia mbili zinazojulikana. Brooklyn Black Chocolate Stout ya New York, aliyoibuni Garrett Oliver mwaka 1994, ina kilevi cha asilimia 10 na haina kakao. Kila kitu kinatoka kwenye vimea. Young's Double Chocolate Stout ya Uingereza, asilimia 5.2, ina kimea cha chokoleti, chokoleti nyeusi na esensi juu yake. Zote mbili zimeandikwa chokoleti kwenye lebo, lakini ukizipima kwa mizani moja utazionea zote.

Utaratibu wenyewe. Bia iwe nyuzi 10 hadi 13. Itoe kwenye friji dakika 20 hadi 30 kabla, kutegemea joto la mahali ulipo. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, iwe imeoshwa bila kubaki na sabuni wala mafuta. Mimina mililita 90 tu, ili nafasi iliyobaki ikusanye harufu. Nusa ndani ya sekunde 10 za mwanzo, maana harufu nyepesi hupotea haraka. Mnuso wa kwanza uwe mfupi, wa pili mrefu, kisha funika glasi kwa kiganja, izungushe, nusa tena. Andika kabla hujaonja, kwa sababu ukishaonja ulimi utaanza kuiambia pua nini cha kunusa.

Funda la kwanza usilitolee hukumu, ni la kusafisha mdomo. La pili lipitishe ulimi mzima, meza, kisha toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Chokoleti halisi inajionyesha hapo, kwenye pumzi ya kutoka.

Na msimamo wangu ni huu: hukumu stauti kwanza, chokoleti baadaye. Iondoe chokoleti kichwani ujiulize kama kilichobaki ni bia nzuri. Kama sivyo, chokoleti imewekwa kuficha kasoro.

---

NairobiStauti (#2)

Asante mkuu kwa uzi. Swali: huku kwetu stauti ama inauzwa baridi sana ama "warm" kabisa kutoka rafu. Kuna ubaya gani kuionja kwa nyuzi 4?

---

Binti Hamira (#3)

Baridi ya nyuzi 4 inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inazuia harufu kupanda kutoka kwenye bia, na inaupunguza ulimi uwezo wa kuhisi utamu. Uchungu na ukakasi havipungui kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo stauti iliyosawazishwa vizuri itaonekana kali na tupu, na utaikata alama isizostahili kukatwa.

Ya rafuni, kwenye nyuzi 25 na zaidi, ina tatizo la upande wa pili. Gesi inatoka yote kwa mara moja, kilevi kinapanda puani, laktosi (sukari ya maziwa) inakuwa nzito mdomoni. Mbinu nzuri ni kuanza kuionja ikiwa nyuzi 8 na kuendelea nayo hadi 15. Bia ya esensi itaanza kunuka pipi inapopata joto. Ya kakao halisi itafunguka: kwanza unga wa kakao, halafu tunda kidogo, halafu mbao.

---

Povu la Krimu (#4)

Naongezea kuhusu makopo ya naitrojeni, gesi inayoleta povu laini, kwa sababu Young's inapatikana kwa chupa na kwa kopo lenye kile kidude cha plastiki, na majaji wengi wanavichanganya.

Kopo la aina hiyo lazima lipoe kwa angalau saa tatu kabla ya kulifungua. Likifunguliwa likiwa na joto linafumka lote. Ukishafungua, geuza kopo na umwage moja kwa moja katikati ya glasi kubwa, bila kuinamisha glasi. Subiri mawimbi yatulie, kama dakika mbili, ndipo uangalie.

Kwenye karatasi ya alama kumbuka mambo haya. Bia ya naitrojeni ina gesi ya kaboni kiasi cha nusu tu ya ile ya chupa, kwa hiyo haichomi ulimi. Usiiandikie "imefubaa". Povu lake ni zito na laini na linakaa hadi mwisho, ila linafunika harufu. Ukitaka kuinusa kwa haki, sogeza povu pembeni kwa kijiko safi kisha unuse. Chupa na kopo za bia ileile zipewe karatasi mbili tofauti.

Halafu rangi. Kuandika "nyeusi" haitoshi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, mulika ukingo kwa tochi ya simu. Stauti nyingi zinaonyesha wekundu wa damu ya mzee ukingoni. Angalia pia uso wa bia: miduara midogo inayong'aa ni mafuta ya kakao, na ukiiona hiyo usishangae povu likifa ndani ya dakika moja.

---

Jaji wa Meza ya Tatu (#5)

Tuingie kwenye alama. Karatasi inayotumika sana duniani ni ya BJCP, shirika la Marekani linalowapa majaji wa bia vyeti, alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, picha ya jumla 10. Madaraja yake: 45 hadi 50 ni ya kipekee, 38 hadi 44 bora, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri, 14 hadi 20 ya wastani, chini ya hapo ina matatizo.

Angalieni mwonekano una alama 3 tu. Povu likifa unapoteza moja. Ladha ina 20, huko ndiko bia inakoshinda au kushindwa.

Suala la kundi linaumiza wengi. Kwa miongozo ya 2021, stauti yenye kakao iliyoongezwa inaingia 30A, kundi la bia za viungo, mimea na mboga, na mpika bia lazima ataje alichoweka. Stauti yenye ladha ya chokoleti kutokana na kimea tu inabaki kundi lake la asili: 16A kama ni stauti tamu, 16B kama ni ya oti, 20C kama ni imperiali, yaani stauti nzito yenye kilevi kingi. Ukiipeleka bia isiyo na kakao kwenye 30A, jaji ataitafuta kakao, ataikosa, na atakukata. Ukiipeleka ya kakao kwenye 20C, esensi yako itahesabiwa kasoro.

Mfano wa Young's Double Chocolate ya kopo, bia ya stauti tamu yenye kakao. Karatasi yangu: harufu 8 (kakao tamu, vanila kwa mbali, kimea kilichochomwa kidogo, ingekuwa kali zaidi bila povu lile), mwonekano 3, ladha 14 (chokoleti ya maziwa mwanzoni, katikati inakuwa nyepesi, mwisho uchungu mdogo wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na wa kimea), mdomoni 5, jumla 7. Inafika 37.

---

Kimea Cheusi (#6)

Mimi naipa 33, na naeleza kwa nini. Harufu 7, mwonekano 3, ladha 12, mdomoni 4, jumla 7. Ladha nimekata kwa sababu ya hapo katikati ulipopataja mwenyewe: chokoleti inakuja, inaondoka, na kinachobaki nyuma yake hakina uzito wa kutosha wa kimea. Esensi imeinua harufu kuliko mwili wa bia unavyoweza kubeba. Pua inaahidi, ulimi haupati.

---

Jaji wa Meza ya Tatu (#7)

Tofauti ya alama 4 inakubalika. Mezani majaji wakipishana zaidi ya 7 ndipo wanarudi kwenye glasi na kujadiliana hadi wakaribiane. Hoja yako ya katikati ni ya kweli. Ila bia ya asilimia 5.2 isipimwe kwa uzito wa imperiali ya 10. Ndani ya daraja lake, ulaini ule ni sehemu ya kusudi lake.

---

Chenga za Kyela (#8)

Wadau, naomba niseme kuhusu kakao yenyewe, maana stauti nyingi za chokoleti huharibikia hapo kabla bia haijapikwa.

Kakao bora inachachushwa kwanza. Mbegu zenye ute wake hukaa kwenye masanduku ya mbao siku 5 hadi 6, zikigeuzwa, kisha hukaushwa juani hadi unyevu ubaki karibu asilimia 7. Tanzania inalima kakao Kyela na Rungwe huko Mbeya, na Kilombero mkoani Morogoro. Kokoa Kamili ya Kilombero hununua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzichachusha mahali pamoja, na watengenezaji wadogo wa chokoleti wa Marekani wamezitumia. Mkulima anayekausha bila kuchachusha anauza mbegu yenye ukakasi mkali, na ukakasi huo unaingia moja kwa moja kwenye bia.

Namna ya kukagua: pasua mbegu 50 kwa urefu. Kahawia yenye mifereji ndani ni nzuri. Zambarau haijachachuka vya kutosha. Ya kijivu iliyoshikana kama ubao haikuchachuka kabisa. Za zambarau na kijivu zikiwa nyingi, usinunue gunia hilo kwa ajili ya bia.

Kaanga nyuzi 120 hadi 130 kwa dakika 20 hivi, ukigeuza, hadi jikoni kunuke keki ya chokoleti na maganda yaanze kupasuka yenyewe. Ponda, pepeta maganda kwa ungo, baki na chenga. Ukizidisha moto, harufu ya tunda inakufa na inabaki ya mkaa, ambayo stauti tayari inayo ya kutosha kutoka kwenye shayiri ya kukaanga.

---

NairobiStauti (#9)

Na unga wa kakao wa dukani je? Ni rahisi kupata kuliko chenga.

---

Binti Hamira (#10)

Unafanya kazi, kaka, ila ujue unachopata. Chenga zina mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake, unga mwingi wa dukani una asilimia 10 hadi 12 tu, kwa hiyo upande wa povu unga ni salama zaidi. Tatizo lake ni tope. Gramu 100 kwa lita 20, zikiwekwa dakika 5 za mwisho za kuchemsha, zitashuka chini zote na utapoteza lita moja au zaidi ya bia pamoja nazo. Hakikisha ni unga mtupu. Ile ya kunywea asubuhi ina sukari na maziwa, sukari inaliwa yote na hamira na unabaki na bia nyepesi.

Hapa pia ndipo watu wanapokosea kuhusu utamu. Kakao haina utamu. Tumezoea kuila na sukari na vanila, basi tukikosa hivyo viwili tunasema chokoleti haipo. Ukiweka gramu 150 za chenga kwenye stauti kavu iliyomalizia 1.010 kwenye haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia), utapata uchungu wa vumbi. Chenga hizohizo kwenye stauti iliyomalizia 1.020 utaziita chokoleti ya maziwa.

Mfano wa bia ya kubebea kakao, lita 20: kimea cheupe kilo 4, oti gramu 400, kimea cha karameli gramu 350, kimea cha chokoleti gramu 350, shayiri ya kukaanga gramu 150. Loweka nyuzi 68 kwa saa moja. Chemsha saa moja na gramu 50 za hopsi za Goldings zenye alfa asidi (chanzo cha uchungu) ya asilimia 5, inakupa uchungu wa 25 hivi kwa kipimo cha IBU. Laktosi gramu 400 dakika 10 za mwisho. Utaanzia karibu na 1.062, utamalizia karibu na 1.021, kilevi kidogo juu ya asilimia 5. Hamira ya bia haili laktosi, ndiyo maana utamu unabaki. Iandike laktosi kwenye lebo: watu wazima wengi wa kwetu maziwa yanawasumbua tumbo, na hawategemei kuyakuta kwenye bia.

---

Povu la Krimu (#11)

Dada kasema kweli. Niongeze kasoro zinazojificha ndani ya stauti ya chokoleti, kwa sababu weusi na ukaangwaji hufunika mengi.

Daisetili, harufu ya siagi, ndiyo hatari kuliko zote hapa. Kwenye lager inaonekana mara moja. Kwenye stauti ya chokoleti mnywaji anadhani ni tofi, anaisifu. Ipime mdomoni: ikiwa kuna utelezi kama wa mafuta kwenye ulimi na harufu ya bisi za siagi, hiyo ni daisetili. Sababu kubwa ni bia kutolewa kwenye hamira mapema. Iache siku mbili tatu zaidi kwenye joto la kuchachukia kabla ya kuipoza.

Ukakasi unaokausha fizi na kubaki dakika nzima una vyanzo vitatu: kimea kusuuzwa kwa maji ya zaidi ya nyuzi 77, maji yenye pH iliyopita 6, au chenga kukaa kwenye bia muda mrefu. Kuzitofautisha inawezekana. Ukakasi wa kimea unakuja na ladha ya majani ya chai yaliyochemka mno. Wa kakao unakuja na uchachu kidogo pembeni mwa ulimi.

Harufu ya sosi ya soya ni hamira iliyokufa na kuvunjika, au bia iliyoingiwa na hewa na kuzeeka. Boksi lililolowa ni hewa vilevile. Siki ni bakteria, na chenga zisizosafishwa ni mlango wao. Mahindi ya kuchemsha hutokea bia ikichemshwa huku sufuria imefunikwa. Tufaha bichi ni bia changa.

Moshi wa majivu ya sigara ni shayiri nyeusi iliyozidi. Mpika bia anataka rangi, anaongeza kimea cheusi hadi kinafunika kakao. Apunguze cheusi, aongeze cha chokoleti.

---

Mgeni wa Mezani (#12)

Kwa tusiofanya kazi hii kila siku, tutajifunzaje kutofautisha kakao ya kimea na kakao halisi? Young's na Brooklyn sizipati kirahisi.

---

Chenga za Kyela (#13)

Tumia stauti ya kawaida ya dukani, Guinness au Castle Milk Stout, utengeneze somo lako mwenyewe.

Loweka gramu 50 za chenga zilizokaangwa kwenye mililita 100 za vodka, chupa yenye mfuniko, siku 5, ukitikisa kila siku. Iweke friza usiku mmoja. Vodka haigandi, mafuta ya kakao yanaganda juu. Chuja kwa karatasi ya kahawa, mafuta yanabaki kwenye karatasi.

Panga glasi tano zenye mililita 250 za stauti ileile. Ya kwanza usiiguse. Nyingine tia mililita 1, 2, 3 na 4 za vodka hiyo ya kakao, tuiite dawa, upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Onja kuanzia iliyo tupu kwenda juu. Glasi tupu itakuonyesha chokoleti ya kimea, ambayo ipo: kavu, ina kahawa ndani yake, inatoka haraka. Kuanzia mililita 2 utaisikia kakao kwenye pumzi ya kutoka, nzito zaidi, yenye tunda. Kwenye 4 wengi wanaanza kuhisi ukakasi. Rudia zoezi na Castle Milk Stout baada ya Guinness uone utamu unavyobadili kakao ileile.

---

Jaji wa Meza ya Tatu (#14)

Zoezi zuri sana hilo. Likishazoeleka, lifanye bila kuona. Glasi tatu, mbili zina bia tupu, moja ina dawa, mtu mwingine azipange. Mwonjaji ataje ipi ni tofauti. Kubahatisha kunampa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo mtu mmoja kupatia mara moja hakuthibitishi kitu. Kwa kundi la waonjaji 12, wakipatia 8 au zaidi, tofauti ipo kweli. Kwa 6, wapatie 5. Tumia glasi za rangi moja au zima taa kubwa.

Mambo ya mezani: maji ya kawaida yasiyo baridi, mkate mweupe mtupu. Kahawa, marashi na dawa ya meno yenye minti viachwe. Bia nyepesi zitangulie nzito, kavu zitangulie tamu, za kakao mwisho. Stauti zaidi ya 6 kwa kikao kimoja ni nyingi, kwa sababu ukaangwaji unachosha ulimi na bia ya saba inaonewa.

---

Mgeni wa Mezani (#15)

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: glasi ya mililita 3 ikipendwa na wote, natiaje kwenye pipa la lita 20?

---

Binti Hamira (#16)

Mililita 3 kwa 250 ni mililita 12 kwa lita, basi lita 20 zinataka mililita 240. Chenga hunyonya sehemu ya vodka, kwa hiyo loweka gramu 175 kwenye mililita 350 ili upate kiasi hicho baada ya kuchuja. Kilevi cha pipa kitapanda kwa karibu nusu asilimia.

Usitie yote kwa mara moja. Anza na mililita 160, ukitanguliza dawa chini ya pipa kisha bia iingie taratibu kwa mpira unaofika chini, ichanganyike yenyewe bila kuvuta hewa. Iache kwenye baridi siku moja, onja ikiwa nyuzi 11, ndipo uongeze mililita 40 kwa 40.